Kuvuta biashara mpya kwenye mji mdogo: anzeni na pesa inayopanda taksi

Ukikaa kwenye kikao chochote cha baraza la mji nchini Uganda, kuanzia Elegu hadi Mutukula, hutakosa kusikia mtu akisema, "Tukipata mwekezaji..." Baada ya hapo kila mmoja anaeleza kiwanda alichokiota. Mwekezaji huyo muacheni kwanza. Pesa ya kuanzia tayari mnayo, ila kila asubuhi inapanda taksi (basi dogo la abiria) kwenda Mbale, Masaka au Lira, na jioni wanarudi watu bila hiyo pesa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijua pesa hiyo, kumjua anayeipokea huko, na kumpa sababu ya kuja kuipokea kwenu.

Nawaandikia wanakamati wa vyama vya wafanyabiashara, madiwani, viongozi wa SACCO, wenyeviti wa LC (mabaraza ya mitaa) na wenye nyumba za kupangisha. Bajeti kubwa haihitajiki. Tafuteni daftari, watu wanne au watano wanaoaminiana, na karani wa mji anayepokea simu. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kupatikana.

Hatua ya 1: Kaeni steji mtazame kinachoshuka

Chagueni siku ya gulio na siku nyingine ya kawaida. Kaeni steji kuanzia saa kumi jioni, taksi zinaporudi kutoka mji mkubwa, na mtazame mizigo. Mabati yako juu ya keria, yamefungwa kwa mpira. Kijana wa boda ana cheni na sproketi mpya ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Mama mmoja ameshika bahasha kubwa ya kaki, ndani kuna picha ya eksirei. Ameshinda huko siku nzima kwa kipimo cha dakika chache. Mzee anateremsha dawa ya kuogeshea ng'ombe na mfuko wa mbegu za mahindi. Wanafunzi wana sare mpya, na mwezi wa shule kufunguliwa sare zinakuwa nyingi kuliko abiria.

Waulizeni kwa adabu: "Samahani mama, hii umeinunua wapi? Nauli imekula ngapi?" Watu hujibu vizuri wakijua mnataka nini. Makondakta nao muwanunulie chai, kwa sababu wanajua biashara za mji wenu kuliko ofisi yoyote. Wao ndio hutumwa: "Niletee betri ya sola, hela hii hapa."

Kwenye daftari andikeni kitu kilichonunuliwa, mji kilikotoka, kinanunuliwa mara ngapi kwa mwezi, na nauli iliyotumika. Nauli msiisahau, maana ndiyo faida ya kwanza mtakayomwonyesha mfanyabiashara. Mtu anayelipa nauli ya kwenda na kurudi kufuata kipuri kidogo atakubali kipuri hicho kizidi bei kidogo kikiwa karibu na nyumbani kwake.

Si kila kilichoandikwa kinaweza kuhamia kwenu. Gauni la harusi litaendelea kununuliwa Kampala, kwa sababu mnunuzi anataka kuzunguka maduka kumi na safari yenyewe ni sehemu ya sherehe. Vinavyohama kirahisi ni vile vinavyonunuliwa mara kwa mara, vizito, vinavyovunjika njiani, au vinavyohitajika haraka: saruji, vioo vya madirisha, chakula cha kuku, dawa za mifugo, vipuri vya boda, vipimo vya maabara, fundi wa kuchomelea. Pigeni mstari chini ya vitano vinavyojirudia zaidi. Hivyo ndivyo mtakavyovitafuta, na vingine vyote viwekeni pembeni hata kama diwani fulani anavipenda.

Kisha tafuteni takwimu za watu. Sensa ya Mei 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, lakini mfanyabiashara hana shida na idadi ya taifa. Anataka ya parokia (maeneo ya utawala yenye vijiji kadhaa) zinazouzunguka mji wenu. Afisa mipango wa wilaya ana takwimu za UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, mwombeni. Halafu ongezeni vile ambavyo sensa haimwambii mwenye duka: shule ngapi zenye bweni, walimu na wauguzi wangapi wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi, boda ngapi kila steji. Idadi ya boda ataitoa mwenyekiti wa steji papo hapo, bila kufungua faili.

Hatua ya 2: Jueni kinachopita na kinachotoka

Miji mingine ina bahati ya barabara. Lukaya, njia ya Masaka, na Namawojjolo, njia ya Jinja, zimejenga jina kwa abiria ambao hawakuwa na mpango wa kusimama: nyama ya mishikaki, kuku na gonja (ndizi za kuchoma) vinaletwa hadi dirishani. Msafiri anasimama kwa sababu anajua atakipata kitu kilekile, cha moto, muda wowote. Kama gari nyingi zinapita kwenu bila kusimama, jiulizeni kama kuna pahali pa kuegesha na kama kuna choo. Choo safi cha kulipia karibu na steji kinaleta wateja wengi kuliko bango la "Karibu", ingawa sijamsikia mgombea wa uenyekiti akikiahidi.

Barabara na mpaka vinaweza pia kuwaacha. Mpaka wa Katuna na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa rasmi tena hadi mwisho wa Januari 2022. Wapakuzi, wabadilisha fedha, wapishi na wenye nyumba za wageni waliokuwa wakiishi kwa lori walibaki wakitazama lami tupu. Mji wa mpakani uvute walau biashara mbili tatu zinazowahudumia wakulima wa jirani, ili siku geti likifungwa bado kuna anayeuza.

Miji isiyo na barabara kubwa itazame mashamba yake, au hata hewa yake. Kiwanda cha matunda cha Soroti, kilichofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini, kiliyafuata machungwa ya Teso. Kapchorwa ina mwinuko na baridi, na mabingwa wa mbio kama Joshua Cheptegei na Stephen Kiprotich wameupa ukanda ule jina. Mkimbiaji anayekuja kufanya mazoezi kwa wiki kadhaa anahitaji kitanda, chakula, mtu wa kumkanda misuli na intaneti, na hizo ni biashara nne.

Hatua ya 3: Safisheni masuala ya ardhi na vyumba

Hapa ndipo mipango mingi hufia, kwa hiyo msiharakishe.

Mfanyabiashara wa nje ana hofu moja kubwa: kuweka mtaji mahali ambapo kesho atatokea shangazi wa mwenye kiwanja akisema naye ana sehemu yake. Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa ardhi wa aina nne: wa kimila, mailo (umiliki wa hati ulioko hasa Buganda), umiliki huru na lizi. Kila aina ina maswali yake. Kwenye ardhi ya kimila ulizeni ukoo mzima. Kwenye mailo ulizeni mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayekaa juu ya ardhi hiyo, wote wawili. Barua ya LC1, baraza la kijiji, inaonyesha kwamba majirani walishuhudia mauziano, lakini haigeuki kuwa hati ya ardhi, na anayemwambia mgeni vinginevyo anawaharibia jina.

Tengenezeni orodha ya vyumba na viwanja vilivyo wazi. Kila kimoja kiwe na ukubwa wake, jina la mwenyewe, aina ya umiliki, kama kina mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), kama lori linafika mlangoni, na kodi anayotaka. Viwanja vyenye ugomvi viondoeni kabisa. Orodha ya vyumba saba visivyo na maneno inauza mji kuliko ekari hamsini zenye kesi.

Tazameni pia mpango wa matumizi ya ardhi wa mji. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi (Physical Planning Act) ya 2010 iliifanya nchi yote kuwa eneo la mipango, kwa hiyo "huku kwetu ni kijijini" si jibu. Kama kuna barabara iliyochorwa kupita kwenye kiwanja, mgeni aambiwe kabla hajachimba msingi.

Kisha waiteni wenye nyumba. Kikao hiki kina joto, na kinafaa kuongozwa na mtu mzima anayeheshimiwa ambaye hana nyumba ya kupangisha. Tabia inayoua miji midogo inajulikana: mpangaji anaanza, wateja wanajaa, mwenye nyumba anachungulia foleni na mwezi unaofuata kodi inapanda. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 imeweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka, ila watu wengi mitaani hawaijui. Waombeni wakubali mambo mawili kwa wapangaji wapya: mkataba wa maandishi wa miaka miwili, na malipo ya mbele yasiyozidi miezi mitatu. Yule anayedai kodi ya mwaka mzima mkononi anaula mtaji ambao ungenunua bidhaa za kujaza rafu.

Hatua ya 4: Ushuru wote kwenye karatasi moja

Mwombeni karani wa mji aandike kila kitu ambacho biashara mpya italipa mwaka wa kwanza: leseni ya biashara, taka, bango, ushuru wa soko, kushusha mizigo, ukaguzi wa afya. Nani anakusanya, lini, na risiti gani inatolewa. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani nje ya ofisi, si ndani ya kabati.

Viwango vya leseni hupangwa na serikali kuu kulingana na aina ya biashara na daraja la mji, kwa hiyo msimwahidi mtu kwamba mtamsamehe. Kilicho mikononi mwa baraza ni mpangilio: nani aje, saa ngapi, na kama mpya atapewa muda wa kupumua kwenye ushuru wa soko. Mwenye duka huvumilia ushuru anaoujua. Kinachomkimbiza ni vijana watatu wenye vitabu vitatu vya risiti ndani ya wiki moja, kila mmoja akidai ametumwa.

Teueni mtu mmoja wa kumshika mgeni mkono. Jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya usajili, namba ya mlipakodi inatoka URA, mamlaka ya mapato, na vyote viwili huombwa kwa mtandao, kwa hiyo kijana mwenye kompyuta na chaji anaweza kumsaidia mgeni hukuhuku. Afisa biashara wa wilaya ni wa kwanza kushirikishwa. Kama mtu anataka kusindika chakula, aelezwe mapema habari ya alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango, asije akachapisha lebo elfu moja zikakataliwa na supamaketi.

Hatua ya 5: Umeme, maji, taa

Kwa duka la kawaida Yaka inatosha. Kinu cha kusaga na karakana kubwa ya kuchomelea vinahitaji umeme wa fezi tatu, na kuuvuta peke yako ni gharama ya kukatisha tamaa. Wakusanyeni wenye uhitaji upande mmoja wa mji, muombe kwa pamoja kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025. Waonyesheni wateja watano kwenye laini moja, ombi lina uzito. Taa za sola kati ya steji na soko zinarefusha saa za kuuza; duka linalofungwa saa kumi na mbili kwa ajili ya giza limepoteza wateja wote wanaotoka kazini.

Hatua ya 6: Nendeni mkamtafute

Msiende Kampala kwenye makongamano. Nendeni kwenye duka ambalo watu wenu tayari wananunua. Daftari la steji linawaambia ni lipi.

Muende wawili, mmoja awe mwanamke mfanyabiashara, na msivae suti. Mazungumzo na mwenye hadiwea huwa hivi:

"Hajji, habari za kazi?"

"Nzuri, karibuni. Mnatafuta mabati?"

"Leo hatununui, Hajji. Tumekuja kukuambia kuhusu wateja wako wa kwetu." Hapo mnamwekea karatasi mbele: mabati yaliyoshuka, mifuko ya saruji, nauli iliyolipwa. Yeye atazijua takwimu kwa harufu. Atanyamaza, ataita kijana wake alete viti.

Kisha atauliza maswali ambayo hayamo kwenye brosha yoyote ya uwekezaji. Usiku nani analinda? Mwenye nyumba ni mtu wa namna gani? Na lile kubwa: "Watu wenu wanalipa, au wanakopa?"

Mjibuni ukweli. Mwalimu hukopa hadi mwisho wa mwezi, mkulima hukopa hadi mavuno, na kila mji una wale watatu wanne wasiolipa milele. Kama SACCO yenu inaweza kumkopesha mnunuzi wa mabati na kumlipa Hajji taslimu, mwambieni hapohapo, maana mmemwondolea mzigo ambao umefunga maduka mengi kuliko wizi. Msimwambie kwamba kwenu hakuna anayekopa. Amefanya biashara muda mrefu, atawaaga kwa heshima na hatapokea simu yenu tena.

Msimuombe afungue tawi kubwa. Muombeni alete lori siku ya gulio kwa miezi mitatu, mmpe nafasi nzuri karibu na lango. Akiuza, atauliza mwenyewe kuhusu chumba. Benki nazo zilifika miji mingi kwa njia ya pole namna hii: sheria ya 2016 iliporuhusu mawakala, dirisha dogo ndani ya duka lilitangulia pale ambapo tawi lisingefika.

Mlango wa pili ni watoto wa mji walioko Kampala, Juba na Dubai. Wanarudi Krismasi, na mnajua wanavyotumia: wiki mbili za nyama, kisha Januari wanaomba nauli ya kurudi. Waiteni kikao tarehe 27 Desemba, asubuhi, kabla ya bia. Mpeni kila mmoja ile orodha ya biashara tano na orodha ya vyumba. Msiwachangishe pesa siku hiyo, hata ya kanisa au msikiti.

Mlango wa tatu watu huusahau: aliyepo tayari. Mama anayeshona sare kwa cherehani moja huenda anakosa zabuni ya shule kwa sababu hana cherehani tatu na pahali pa kukatia. Kumkuza yeye ni rahisi kuliko kumleta mshonaji wa Mbale, na wajukuu wake watabaki hapahapa.

Mwekezaji mkubwa akija kwa miguu yake mwenyewe, na hutokea, mpelekeni Mamlaka ya Uwekezaji, UIA, na mkae naye karibu. Ila msisimamishe mambo mengine mkimsubiri.

Hatua ya 7: Ongezeni mzigo kabla ya kutafuta msindikaji

Mnunuzi wa maziwa haleti tangi la kupozea pale penye lita chache leo na ukame kesho. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, PDM, uliozinduliwa Kibuku mwaka 2022, hupeleka shilingi milioni 100 kwa parokia kila mwaka, na kaya hukopa hadi milioni moja. Pesa hiyo mara nyingi hutawanyika: huyu kuku, yule nguruwe, mwingine kitunguu. Parokia tatu zinazouzunguka mji zikikubaliana kwamba kaya nyingi zichague kitu kimoja au viwili, mnakuwa na mzigo unaojaza lori, na mwenye lori atakuja bila kualikwa. Kukubaliana huko ni kazi ngumu, kwa sababu mkopo ni wa mtu na hakuna anayeweza kulazimishwa. Wapeni watu sababu: mleteni mnunuzi mwenyewe kwenye kikao cha parokia, aseme kwa mdomo wake anataka nini, cha ubora gani, na analipa lini.

Hatua ya 8: Mtunzeni aliyekuja

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kuna wenyeji ambao hawatapona. Mwenye duka dogo la saruji ataona Hajji amekuja kumzika. Zungumzeni naye kabla ya lori la kwanza. Pengine atakuwa wakala wa Hajji, pengine atageukia rangi na misumari. Wala msilete biashara ya sita ya kitu ambacho watano wanagombania; miji yetu ina mistari ya vibanda vya mobile money vinavyotazamana bila mteja.

Maneno ya "huyu si wa hapa" yakianza sokoni, mwenyekiti ayakate mapema na hadharani. Mfanyabiashara akishaona kwamba kabila lake limekuwa mada, huanza kupunguza bidhaa kimyakimya.

Miezi sita ya mwanzo, mtu mmoja wa kamati ampitie kila wiki mbili. Asiende kukagua, aende kununua kitu na kuuliza hali. Baada ya mwaka rudini steji na daftari lilelile, saa ileile, mwone kama mabati bado yanashuka kutoka kwenye keria.

Mkiona mlango umefungwa siku tatu mfululizo, mpigieni simu siku hiyohiyo, kabla hajapakia lori. Kama sababu ni kodi, mpelekeni kwa mwenye nyumba pamoja na mkataba. Kama ni ushuru, pelekeni ile karatasi ya ukutani kwa karani wa mji mlinganishe risiti. Na kama ameshaamua kuondoka, msaidieni kuuza kilichobaki kwenye rafu, andikeni sababu zake kwa maneno yake mwenyewe, kisha mumuulize ni nani huko sokoni kwao anayeweza kujaribu chumba hicho kwa kodi ndogo zaidi.